Majina ya Watoto Yasiyozoeleka: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha watoto wa nasari huku Kisauni, Mombasa, kwa miaka 19. Kila Januari napewa rejista mpya, na kabla sijamwona mtoto hata mmoja nimeshayasoma majina yao yote. Kina mama hunisimamisha langoni, wengine hunipigia simu wangali wodini, na swali ni la jina. Hapa nimeyakusanya yale yanayorudi zaidi, na majibu ni kama ninavyoyatoa kwa mdomo.

Jina "lisilo la kawaida" ni lipi hasa?

Inategemea umesimama wapi. Liite jina Kadzo katika soko la Kaloleni, kule Kilifi, na wanawake kadhaa watageuka. Lilete jina hilohilo kwenye vichochoro vya Kibokoni, Mji wa Kale, utaulizwa "hilo la wapi?" Na maana yake ni mzuri, jambo ambalo kila mama humwombea binti yake. Charo naye hivyohivyo. Kwa Kigiriama ni safari, na mtoto wa Kiswahili aitwaye Safari hashangazi mtu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni huu. Mtoto wa kike aliyezaliwa usiku, Likoni anaitwa Chausiku. Ukivuka ukafika Mikindani kwa majirani zetu Wajaluo, aliyezaliwa usiku ni Atieno. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mwanamvua huku, na kule ni Akoth. Hawa ni masomo wawili wawili, yaani wa jina moja kabisa, na hawajijui. Kila mmoja akisikia jina la mwenziwe anaona ni geni, gumu, la watu wengine.

Hata ndani ya nyumba moja sikio hubadilika. Bibi zetu walikuwa Asha, Fatuma, Zuhura na Mwanahamisi, na waume zao Bakari na Athumani. Haya ni majina ya Kiarabu yaliyopikwa jikoni kwetu: Aisha akawa Asha, Abubakar akawa Bakari, Uthman akawa Athumani. Leo mzazi kijana akisikia Athumani anasema ni jina la shamba, basi kwenye cheti anaandika Uthman. Khalifa anayetajwa ni yuleyule. Tulichokifanya ni kuuonea haya ulimi wetu wenyewe, na jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma kwenye rejista.

Kwa nini wazee waliwaita watoto Shida, Tabu na Mashaka? Hawakuwapenda?

Waliwapenda mno, na jina lilikuwa ndiyo daftari lao. Aliyezaliwa Ijumaa ni Mwanajuma, wa sikukuu ni Mwanaidi, wa Siku ya Mwaka ni Mwaka. Mimba iliyosumbua ilileta Tabu. Mume aliyekuwa safarini bila habari alileta Mashaka, ambalo maana yake ni wasiwasi, na mtoto akishazaliwa salama jina linabaki kama alama ya mahali ambapo familia ilipita. Ndiyo maana pia tuna Subira, Riziki, Majaliwa na Bahati. Mwana Kupona, yule malenga mkubwa wa Pate wa karne ya 19, jina lake limebeba kupona, na hakuna anayelicheka. Heshima yake imelifunika.

Palikuwa pia na jina la kinga. Mama aliyezika watoto wawili au watatu aliogopa kumwita wa nne Zawadi au Furaha. Alimpa jina lisilotamanika, ili kijicho na mauti vimpite wakidhani hana thamani. Ukikutana na mzee mwenye jina linalokufanya ukunje uso, kumbuka kwamba huenda ulikuwa ujanja wa mama mwenye hofu, na kwamba mzee huyo yuko hai mbele yako.

Sisemi kila jina la zamani lilitoka kwenye mapenzi. Pwani hii ilikuwa na utumwa, na utumwa ulikuwa na majina yake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilokuja kupewa ukubwani kwa sauti yake, na ndilo lililokuwa lake alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu akiniambia "jina la zamani halibadilishwi, ni mila", humtajia Siti.

Mimi mwenyewe naitwa Sikudhani. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu kila anayesoma ukurasa huu ataniuliza.

Ni kweli watu humhukumu mtu kwa jina lake, au ni wasiwasi wetu tu?

Ni kweli. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa uchumi, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha utafiti waliofanya Boston na Chicago, Marekani. Waliwatumia waajiri karibu barua 5,000 za kuomba kazi, za watu ambao hawapo, wenye sifa zinazolingana. Tofauti ilikuwa jina tu. Barua zenye majina yanayosikika ya Wazungu, kama Emily na Greg, zilipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi. Wa kundi hilo alihitaji kutuma kama barua 10 ili apigiwe simu moja. Mwenye jina linalosikika la Mmarekani mweusi alihitaji kama 15.

Sasa sikiliza baadhi ya majina yaliyoangushwa: Lakisha, Latoya, lakini pia Aisha, Jamal, Hakim na Kareem. Aisha! Jina ambalo ukiliita madrasa yoyote ya Majengo wanasimama watoto wanne. Jina lililo la kawaida kuliko yote kwetu lilikuwa mzigo Chicago.

Na sisi huku tuna mizani yetu. Anayetafuta nyumba ya kupanga huulizwa jina kabla ya kuulizwa kazi, kwa sababu jina litasema kabila na litasema dini. Mwalimu husoma jina na kuanza kumchora mtoto kichwani. Nasema hivi kwa kuwa nimelifanya. Mwaka wangu wa pili kazini niliona kwenye rejista jina la ng'ambo, refu, lenye herufi ambazo sikujua zitamkweje, na nikaamua palepale kwamba wazazi wale ni watu wa mchezo. Nilimpangia mtoto kiti cha nyuma. Kumbe babake alikuwa kuli wa bandarini, kila asubuhi alikuwa wa kwanza langoni na mtoto aliyepigwa pasi hadi soksi. Jina lile lilikuwa la baharia aliyewahi kumwopoa baba huyo baharini. Nilimhamishia mtoto kiti cha mbele juma lile lile, lakini siku zile nne za nyuma nilimnyang'anya mimi, kwa jina tu.

Nikichagua jina la Kiarabu, si nimeshakuwa salama?

Hapana, na hapa ndipo naona makosa mengi zaidi siku hizi. Watu hufungua msahafu, neno likiwavutia kwa sauti wanalichukua. Nimeona Alayna. Kama limetolewa humo, linasikika tamu, lakini alayna ni "juu yetu", kiungo tu cha sentensi, kama umwite mtoto "Kwetusisi". Nimeona Raina pia. Yako majina ya lugha nyingine yanayofanana nalo na hayana ubaya, ila kama umelitoa kwenye Kurani ujue kwamba Al-Baqara aya ya 104 inawakataza waumini wasilitumie neno hilo.

Kisa cha Asiya ndicho ninachowaeleza wazazi wote. Kuna Asiya mke wa Firauni, mwanamke mwema anayeheshimiwa katika Uislamu, na kumpa binti jina lake ni fahari. Lakini kuna neno jingine la Kiarabu, lenye ain na swad, ambalo maana yake ni mwasi. Hadithi inasimulia kwamba binti wa Umar aliitwa hilo la pili, na Mtume akambadilishia akamwita Jamila. Kwa Kiswahili yote mawili tunaandika Asiya, herufi kwa herufi. Kwa hiyo siku ya akika mwombe maalim aliandike jina la mwanao kwa herufi za Kiarabu mkalihifadhi na kadi ya kliniki. Akija mjuaji miaka ishirini baadaye kumwambia binti yako kwamba jina lake ni haramu, atakuwa na jibu.

Na wale wanaosema jina la Kiswahili si la Kiislamu nawauliza, Subira ni nini? Rehema ni nini? Jina la binti wa Umar lilibadilishwa kwa sababu ya maana yake, si kwa sababu ya lugha yake.

Jina ni zuri kwa lugha yake, lakini kwa Kiswahili linachekesha. Nilitumie?

Fikiria uwanja wa shule. Sana ni jina zuri la Kiarabu lenye maana ya mng'ao. Mombasa ataitwa Asante mpaka amalize gredi ya sita. Haya ni jina la heshima, na hata kwetu haya ni sifa njema, lakini mwalimu akisema "haya, kaeni chini" darasa zima litamtazama yeye. Malaika wazazi hulitaka kwa ajili ya mbinguni, na shangazi mmoja lazima atakumbusha kwamba malaika ni pia vile vinyweleo laini vya mwilini.

Ushauri wangu ni kulipitisha jina jikoni. Liite kwa sauti kubwa kama unamwita mtoto aliye uani, mara kumi, mbele ya watoto wa jirani wa miaka minane. Wao ndio mahakimu. Wakilipata utani ndani ya dakika moja, utani huo ndio utakaokuwapo. Pengine unaubeba tu, kama ni wa upole. Asante si jina baya la utani.

Mama mkwe anataka jina lake, mimi nina langu. Nani ashinde?

Kwa nyumba nyingi za pwani jina la kwanza huenda upande wa baba, na kwa Wagiriama jina la babu kurudi kwa mjukuu ni jambo la ukoo mzima, halijadiliwi na watu wawili chumbani. Kama umeolewa huko, ulizia kabla ya mimba kufika miezi tisa.

Uzuri ni kwamba mila hiyohiyo ina mlango. Mke hamwiti mama mkwe kwa jina lake, kwa hiyo ukimpa mtoto jina hilo huwezi hata kumgombeza. Ndipo yanapozaliwa majina ya nyumbani: Nana, Bimkubwa, Mamake. Bibi anapata somo yake, anamwita "somo yangu" kwa madaha mbele ya wageni, na wewe unapata jina la kumwitia mtoto. Nimeona nyumba tatu za hapa mtaani zikipona ugomvi kwa njia hii. Nimeona pia moja ambayo baba aliandikisha jina kimya kimya wakati mkewe yuko ndani ya arubaini, na mke akalisoma kwenye cheti. Usifanye hivyo. Mtoto wa nyumba ile ana majina mawili na kila mzazi hamwitikii mwenziwe anapoita.

Tumpe jina la mtu maarufu?

Obama aliposhinda mwaka 2008, hospitali za Kisumu zilijaa kina Barack na Michelle. Ni furaha ya siku ile imehifadhiwa, sina neno nalo. Tatizo ni mtu aliye hai bado hajamaliza hadithi yake. Ukimpa mwanao jina la mwanasiasa wa leo, unamkabidhi pia habari za kesho.

Serikali inaweza kulikataa jina nililochagua?

Nchi nyingine hukataa waziwazi. Iceland ina kamati ya majina tangu 1991, na jina lisilo kwenye orodha lazima lipite kwake. Ufaransa ililegeza sheria mwaka 1993, lakini mwaka 2015 ilitoka habari ya mahakama ya Valenciennes iliyowakatalia wazazi kumwita binti yao Nutella. New Zealand mwaka 2008 jaji alimweka msichana wa miaka 9 chini ya uangalizi wa mahakama ili apate kubadilishiwa jina, maana lilikuwa sentensi nzima: Talula Does The Hula From Hawaii. Mtoto mwenyewe aliona aibu kuwatajia rafiki zake. Huko California mwaka 2020 Elon Musk na mwimbaji Grimes walitaka namba 12 kwenye jina la mwana wao, ikakataliwa, wakaiandika kwa Kirumi, Xii.

Kwetu Kenya hakuna orodha ya namna hiyo. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na haki hiyo ni ya mtoto. Mzazi ameshika tu kalamu kwa niaba yake.

Niliweke na hili hapa kwa sababu kina mama wasio na ndoa huniuliza kwa sauti ya chini. Zamani sheria ilizuia jina la baba kuandikwa kwenye cheti cha mtoto wa nje ya ndoa bila baba mwenyewe kukubali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho, cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, kuwa kinyume cha Katiba. Usikubali kuambiwa uweke kistari.

Tumeshaandikisha, na sasa tunajuta. Inawezekana kubadilisha?

Ndiyo, na wakati ni mali. Sheria ya usajili wa vizazi inamruhusu mzazi kubadilisha au kuongeza jina la mtoto ndani ya miaka 2 tangu kuandikishwa. Muda huo ukipita, njia ni hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kuandikisha kwenyewe kufanywe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, na pwani tunajua vizuri safari za karatasi zinavyokuwa, hasa ukifika umri wa kitambulisho.

Jina letu si geni. Kwa nini linatusumbua ofisini?

Kwa sababu ya tahajia, na nakuomba usilipite swali hili haraka. Jina geni humsumbua mtoto uwanjani. Tahajia mbili humsumbua hadi uzee. Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamad kwa maalim ni jina moja. Kwa kompyuta ni watu wanne. Karatasi ya hospitali iliandikwa na muuguzi aliyechoka, cheti kikafuata karatasi, shule ikaandika ilivyosikia, cheti cha mtihani kikafuata shule, na kijana akifika kuomba pasipoti anaambiwa athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Kisha kuna mpangilio. Sisi tunaitwa jina letu, la baba, la babu: Salim, mwana wa Omar, mwana wa Hamisi. Fomu inataka jina la ukoo. Mtoto mmoja huandikiwa Hamisi kama ukoo, nduguye Omar, na baba mmoja anaonekana ana watoto wa nyumba mbili.

Basi kabla hujatoka wodini, andika jina kamili kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na umkabidhi muuguzi, usimtajie kwa mdomo. Msomee alichoandika. Kipande hichohicho ukipige picha, na kila ofisi utakayokwenda, hata Huduma Centre, nakili kutoka hapo. Jina likiwa geni, fanya hivyo mara mbili.

Mwanangu anachekwa shuleni kwa jina lake. Nimpe jingine?

Kwanza mpe hadithi. Watoto wanaochekwa wakaumia, kwa nilivyoona miaka yote hii, ni wale wasiojua jina lao lilitoka wapi. Wakiulizwa "kwa nini unaitwa hivyo?" wananyamaza, na kimya ndicho kinachochochea. Niliwahi kuwa na Mashaka wa miaka mitano aliyesimama akasema, "Babangu alikuwa melini, simu haikushika, mamangu akawa na mashaka, halafu akarudi na mimi nikazaliwa." Darasa zima likataka majina yenye meli.

Nenda pia ukamwone mwalimu, umfundishe kulitamka. Mara nyingi kicheko huanzia kwetu, tunapojikwaa kwenye rejista na kutabasamu.

Kama amefika umri wa kujieleza na bado analichukia, msikilize. Si utovu wa adabu.

Na wewe Sikudhani, ungepata nafasi ungelibadilisha?

Nilipokuwa msichana, ndiyo, siku hiyohiyo. Shule nzima niliulizwa "hukudhani nini?" na sikuwa na jibu. Nilifikiri maana yake ni kwamba sikutakiwa. Nilijiandikisha jina jingine kwenye madaftari, na mamangu aliyaona na hakusema kitu.

Alinieleza nikiwa na miaka 24, nami nina mimba yangu ya kwanza, tunachambua mbaazi. Walikaa na babangu miaka 14 bila mtoto. Alikuwa ameshagawa nguo za kitoto alizoziweka. Akaanza kuumwa tumbo, akaenda hospitali ya Makadara akidhani ni uvimbe, akaambiwa ni mimi. Alitoka pale akapita kituo cha matatu bila kukiona, akatembea kwa miguu mpaka feri ya Likoni, anasema peke yake, sikudhani, sikudhani. Pale kwenye umati manamba mmoja akamuuliza, "Hukudhani nini, mama?"

Akamshika mkono yule kijana asiyemjua, akamweleza yote, tangu mwaka wa kwanza, feri mbili zikaondoka.